Kosa Rasmi la Wiki

Juzi juzi tu, wala si zamani, katika nchi ambayo siitaji jina kwa sababu nayo haijawahi kunitaja mimi, Serikali ilikuwa inaandika barua. Kila Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, simu za nchi nzima zililia kwa pamoja, ng'ombe wakashtuka, na hapo ukajua Waraka wa Taifa umeingia. Barua pepe hiyo hukuiomba, ulizaliwa nayo. Mtoto akipewa cheti cha kuzaliwa alipewa na anwani yake hapo hapo, na Waraka wa kwanza alisomewa macho bado hayajafumbuka vizuri.

Mwandishi wake alikuwa Mheshimiwa Waziri wa Maelezo na Kusikilizwa, Daktari Ngwengwe Kasubi. Udaktari wake sijui ulikuwa wa nini, ila hakuwahi kumchoma mtu sindano. Kichwa cha barua kilikuwa kama hivi: WARAKA NA. 611 KUHUSU MWENDELEZO WA UTEKELEZAJI WA YALE YALIYOANZA KUTEKELEZWA. Chini yake picha ya Waziri akitazama mbali. Chini ya picha, vyeo vyake. Chini ya vyeo, picha nyingine, akitazama upande wa pili. Habari zenyewe sikuwahi kuzifikia. Nasikia zilikuwepo.

Mwisho kabisa, kwa maandishi mekundu: USIJIBU BARUA HII. Na mtu aliyetaka kujiondoa kwenye orodha alitakiwa afike makao makuu yeye mwenyewe, akiwa na cheti chake cha kifo.

Mjumbe wetu wa nyumba kumi, Bwana Tindwa, alipita kila Jumatatu na fomu kuhakikisha. Kwangu aliuliza hivi:

"Bibi Kabula, umefungua?"

"Nimefungua, mwanangu."

"Umesoma?"

"Hilo limeandikwa kwenye fomu yako?"

Akaitazama fomu. Halikuandikwa. Akaweka alama ya vema, akaenda nyumba ya pili. Kwa utaratibu huo Waraka ulifunguliwa na asilimia mia moja na nne ya wananchi, na Waziri akalieleza Bunge kwamba zile nne za juu ni mapenzi.

*

Sasa, jirani yangu Nyamizi. Mimi na yeye tumetenganishwa na ua wa minyaa. Yeye anafuga kuku, mimi nafuga kuku. Mvua inayomnyeshea ndiyo inayoninyeshea. Simu tulipata mwaka mmoja, yangu ikiwa na kioo kikubwa zaidi.

Alianza kwa kuwaandikia kina mama kumi na mmoja waliochukua vifaranga kwake, ili wasimpigie kila saa kumuuliza kifaranga anaharisha nini. Kila Alhamisi, akishawapa kuku maji, alikaa kwenye kigoda akaandika kwa kidole kimoja. Wale kumi na mmoja wakawapelekea dada zao, na dada zao wakawapelekea mawifi. Ulipofika mwaka wa sita walikuwa elfu sitini na mbili, na kati yao walikuwemo watu wasio na kuku, watu wa ghorofani, hata daktari mmoja wa meno.

Barua yenyewe nitawawekea moja mjionee. Kichwa: Mayai tisa yameoza.

"Mwenzangu, habari za wiki. Alhamisi iliyopita nilikwambia umwache kuku atage na kulalia popote apendapo. Nilikosea. Wangu alipenda chini ya kitanda cha mkwe wangu aliyekuja kutusalimu. Kila mkwe akijigeuza, kuku anakimbia, na kila kuku akikimbia, mkwe anaamka akiita jina la Mungu. Mayai tisa yameoza. Mtafutie kuku wako mahali patulivu, mbali na wakwe. Mkwe anakusalimu. Wako wanalalia wapi? Niandikie."

Yote ndiyo hayo. Hebu nielezeni, hapo kuna nini? Lakini walimwandikia. Elfu kumi kwa wiki walimwandikia, wengine wakimpa pole ya mayai, wengine wakimuuliza hali ya mkwe, naye akawajibu mpaka kidole kikavimba.

Watu walikuja kutoka wilaya za mbali kumwona. Walipita mlangoni kwangu, wakanisalimu kwa adabu zote, wakaniuliza, "Bibi, kwa Bi Nyamizi ni wapi?" Nikawa naonyesha kwa mdomo, mikono imeshika pumba. Nimeonyesha miaka sita. Siku moja mgeni mmoja alimpiga picha jogoo wangu akidhani ni wa Nyamizi. Alipoambiwa, akaifuta.

Wivu si neno zuri. Watu hunisifu kwa subira, basi nami niliuita subira.

*

Ya nyumbani kwa Waziri nilihadithiwa na mpishi wake, ambaye alikuwa msomaji wa Nyamizi, kama mnavyoweza kudhani.

Alhamisi moja Waziri yuko mezani na chai yake. Mkewe kashika simu, anacheka mpaka chapati inampalia.

"Nani huyo anakuchekesha?"

"Hamna."

"Hamna ndiye anachekesha kiasi hicho?"

"Ni Nyamizi tu."

"Nyamizi mwanaume?"

"Mwanaume wa wapi, baba! Bibi mmoja mfuga kuku. Hebu sikiliza, mkwe wake..."

"Na Waraka wangu wa Jumatatu? Huo ulicheka sehemu gani?"

Alikuwa mke mwema, alitafuta kweli.

"Niliufungua," akasema.

Waziri hakumaliza chai. Katibu wake, Bwana Fungameza, alimkuta ofisini amesimama dirishani, mikono nyuma, kama kwenye ile picha ya pili.

"Afadhali angekuwa mwanaume, Katibu. Mwanaume ningempangia kazi mpakani."

"Kweli kabisa, Mheshimiwa."

"Wewe unamsoma?"

"Simjui hata kidogo, Mheshimiwa. Wala sijui kama yule mkwe ameshaondoka."

Haukupita mwezi Bunge likapitisha Sheria ya Uwiano wa Mapenzi ya Wasomaji. Ilisema hivi: katika nchi hii hakuna barua itakayopendwa kuliko Waraka wa Taifa. Kipimo cha mapenzi ni majibu. Ikigundulika barua inayojibiwa kuliko Waraka, Waraka utapewa siku thelathini kuipita. Ukiipita, barua ile itaendelea, ikijua nafasi yake. Usipoipita, barua ile itafungwa kwa kosa la kupendwa kupita kiasi.

*

Walikuja magari kumi na saba. Vumbi lao lilitua kwangu, Waziri akatua kwa Nyamizi. Nilivuka ua nikakaa karibu, maana jirani lazima awe shahidi.

Nyamizi alimpa kigoda. Waziri alikitazama, akamtazama Katibu, Katibu akakikalia kwanza kukijaribu.

"Bibi," Waziri akasema, "hawa watu unawapa nini?"

"Habari, Mheshimiwa."

"Habari hata mimi natoa. Nataka siri."

"Siri sina. Naandika kama namwandikia mtu mmoja."

"Yupi?"

"Yeyote aliyeko nyumbani."

Katibu akaandika: mtu mmoja, yuko nyumbani.

"Siku ni ile ile, sibadilishi. Wakinijibu, nawajibu. Na nikikosea, nasema," Nyamizi akaongeza.

"Unamwambia nani?"

"Si hao hao, Mheshimiwa."

"Baada ya wao kugundua?"

"Kabla. Wakishagundua, mimi nitakuwa nawaambia nini tena?"

Naibu mmoja alikohoa, akaomba radhi kwa kukohoa, kisha akashtuka kwamba ameomba radhi mbele za watu.

"Siku thelathini," Waziri akasema akiinuka. "Waraka ukijibiwa kuliko wewe, umepona. Usipojibiwa, umefungiwa. Kwa hiyo, Bibi, nakuhitaji makao makuu. Utanisaidia nikushinde."

Nyamizi akakubali. Angefanya nini? Zile barua ndizo zilikuwa zinamwamsha. Tangu mumewe afariki, mtu wa kwanza kumuuliza umeamkaje alikuwa ni msomaji.

*

Iliundwa Kamati ya Kupata Kosa, wajumbe ishirini na watatu. Kila wizara iliandikiwa ilete kosa moja, dogo, safi, lisilo na mwenyewe. Wizara ya Barabara ilijibu kwamba barabara zake hazina kosa, zina mashimo, na mashimo ni mali ya mvua. Wizara ya Tiba ilijibu kwamba wote waliokosewa hawajaleta malalamiko, na wataalamu wamethibitisha hawatayaleta. Wizara ya Mipango ilisema makosa imeyapanga kwa mwaka ujao.

Siku ya ishirini na mbili likapatikana. Waraka namba 598 ulisema kisima cha kijiji cha Lubaga kimechimbwa mita arobaini kwenda chini. Kumbe ni kumi na nne.

"Zuri," Waziri akasema. "La namba. Namba haina aibu."

Nyamizi aliandika sentensi moja: "Ndugu yangu, nilikosea kuhusu kisima cha Lubaga." Ikapelekwa kuidhinishwa ofisi tisa. Ilirudi siku ya ishirini na sita, ikiwa na mihuri, inasomeka hivi: "Wananchi watukufu, imebainika kuwa palikuwepo na hali ya usahihi kupungua, hali ambayo Serikali inaipongeza."

Nyamizi akaishika ile karatasi kwa ncha, kama mtu aliyeshika panya.

"Mheshimiwa, hapa aliyekosea nani?"

"Hajatajwa."

"Sasa watamsamehe nani?"

Sijui Waziri aliwaza nini hapo. Mpishi anadhani aliwaza meza ya chai. Akachukua kalamu, akaandika kwa mkono wake, "Nilikosea," Katibu akiwa amemshikia karatasi isiteleze. Kisha wakayaondoa yale maandishi mekundu ya USIJIBU. Kazi hiyo ilichukua mafundi watatu na siku mbili, kwa kuwa aliyeyaweka alishastaafu na hakuna aliyewahi kufikiri yatatolewa.

*

Jibu la kwanza liliingia Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika saba, kutoka kwa mwalimu wa Lubaga.

"Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Leo nimesoma mpaka mwisho. Hata kumi na nne siyo. Ni mita mbili, na bomba lilisimikwa juu yake kwa ajili ya picha, maji yalikuja na gari. Lakini asante kwa kuanza."

Baada ya hapo simu za wizara zikawa kama mahindi kwenye sufuria ya bisi. Kila mwananchi alikuwa na kosa anataka kumsaidia nalo Waziri. Mmoja alikumbusha daraja. Mwingine alikumbusha mto, maana daraja lipo, mto ndio haupo. Kufika adhuhuri majibu yalikuwa laki mbili.

Waziri akampigia mkewe.

"Umesoma?"

"Nimesoma, mume wangu."

"Umecheka?"

"Nimelia kidogo."

"Kulia na kucheka, lipi kubwa?"

"Kulia."

Nasikia alicheza ofisini, yeye na Katibu, bila muziki.

Barua ya Nyamizi ikawa imepona kwa mujibu wa sheria. Jioni alichinja jogoo akaniita tule. Nyama ilikuwa laini, mchuzi wa nazi, kila kitu mahali pake. Nilikula mapaja yote mawili, na kila tonge lilinikera.

*

Nchi ile ilikuwa na Mtukufu pia, juu ya mawaziri. Mtukufu alikuwa akihutubia kila mwezi na hakuna aliyewahi kumjibu, naye alidhani hiyo ni heshima. Jumatatu ya tatu tangu Waziri aanze kukiri, aliwasikia walinzi wake wanaulizana mlangoni, "Leo Kasubi atakiri lipi?"

"Kwani Kasubi anangojewa?" Mtukufu akauliza.

"Anangojewa sana, Mtukufu," mlinzi mmoja akajibu kwa furaha. Huyo mlinzi sijui alipo sasa.

Mchana ule ule Daktari Kasubi aliteuliwa kuwa balozi katika nchi ambayo wataalamu bado wanaitafuta kwenye ramani. Waraka ukarudi ulivyokuwa, ila picha sasa ni za Mtukufu, na maandishi mekundu yakarudishwa ndani ya nusu saa. Majibu yakawa sifuri. Sheria haikuguswa, maana sheria nzuri haifutwi. Siku thelathini za Waraka zilishatumika, na hazitolewi mara mbili. Kwa hiyo, katika nchi nzima, ikawa ni marufuku barua yoyote kupendwa zaidi ya sifuri.

Bwana Tindwa akaja kwangu na fomu ya kuhesabu majibu. Naye alikuwa msomaji, tena wa wale kumi na mmoja wa mwanzo, kupitia kwa mkewe. Alikuwa ameshaijaza kabla hajafika. Jina: Nyamizi. Majibu kwa wiki: hakuna. Ilibaki sahihi ya jirani.

"Bibi Kabula, weka sahihi hapa tumalize."

Nyamizi alikuwa bandani, namsikia anaongea na kuku. Niliisoma ile fomu yote, mimi huwa sina haraka.

"Tindwa, mwanangu, mbona hapa umeandika hakuna? Wiki iliyopita yalikuja elfu kumi na mia mbili. Ameniambia mwenyewe."

"Bibi, weka sahihi."

"Mimi nilifundishwa kusema kweli."

"Bibi." Akashusha sauti, macho yakiwa bandani. "Nakuomba."

Nikaichukua kalamu mkononi mwake. Nikaikata ile "hakuna" kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake nikaandika 10,200 kwa mwandiko wangu wa darasa la nne, ambao hata mkaguzi wa shule alikuwa akiusifu. Nikaweka sahihi. Tindwa alikunja fomu yake akaondoka bila kuniaga.

Ijumaa walimfungia.

*

Nyamizi hakulia. Alikaa kigodani, simu ipo mapajani, haiiti.

"Wataamka Alhamisi hakuna kitu," akaniambia. "Wamo watu wanaoishi peke yao, Kabula. Andika wewe."

"Mimi!"

"Wewe hakuna anayekupenda, watakuruhusu."

Alisema kwa nia njema kabisa. Tukaenda ofisi ya vibali. Karani akauliza, "Bibi, una wasomaji?" Nikasema sina. "Yupo anayekupenda?" Kabla sijafungua mdomo Nyamizi akanijibia, "Hayupo." Haraka hivyo. Karani akagonga muhuri: BARUA ISIYOPENDWA, RUKSA. Jioni Nyamizi akanipa majina yote elfu sitini na mbili, kama mtu anayekukabidhi watoto wake anakwenda safari.

Alhamisi ikafika. Niliketi. Kuku wangu hawakuwa na jipya, na mkwe sina. Nilikaa mpaka jua likawa kichwani, kisha nikaandika:

"Mwenzangu, habari za wiki. Barua ya Nyamizi haikufungwa na Serikali peke yake. Tindwa alitaka kumficha, namba niliandika mimi. Nilimwonea wivu miaka sita. Nilikosea. Wewe unamwonea nani? Niandikie."

Nikatuma kabla mkono haujaghairi. Nikaingia ndani, nikajifungia, nikangoja watu waje na fimbo.

Kilichokuja ni majibu. Mmoja alikuwa akimwonea dada yake kwa nywele. Mwingine wifi yake, kwa mume, na mume mwenyewe alikuwa kaka yake. Yule daktari wa meno alikuwa akimwonea daktari wa macho, kwa kuwa wagonjwa wa macho wanaweza kuongea na daktari wao. Yakaja, yakaja, simu ikapata moto nikaiweka juu ya kifuniko cha mtungi wa maji ipoe. Kufika Jumamosi yalikuwa elfu kumi na tisa, na sikuwa na jibu moja la matusi.

Jumamosi hiyo Nyamizi akaja kwenye ua. Hakuvuka. Nikajua saa yangu imefika.

"Nimeisoma," akasema.

"Najua, mwenzangu. Nisamehe."

"Kunisema, umenisema. Nimelia siku mbili, nimesamehe, yamekwisha."

"Mungu akubariki, Nyamizi."

"Wamekujibu wangapi?"

Nilitaka kudanganya. Haki ya Mungu, nilitaka. "Elfu kumi na tisa."

"Sema tena."

"Kumi na tisa. Na wengine wanaingia."

Nilimwona jinsi uso ulivyobadilika. Macho yalikuwa makavu kabisa, ila mdomo ulikuwa unatafuta mahali pa kukaa. Naujua uso ule. Nimeuosha miaka sita.

"Elfu kumi na tisa," akasema. "Barua ya kwanza! Mimi nimewapa mayai, nimewapa ugonjwa wa kideri, nimewapa mkwe wangu mzima mzima, sikufika hata kumi na moja! Wewe hata kuku hukuwataja!"

"Ni bahati tu, jirani."

"Bahati!" Akafunga khanga yake kwa nguvu, akageuka.

"Unakwenda wapi na jua hili?"

"Kwa Tindwa."

"Kufanya nini?"

"Kusema kweli."

Akateremka njia ya kwa mjumbe, mkono mmoja unarushwa mbele kuliko mwingine, wala hakutazama nyuma. Ningeweza kumkimbilia, magoti bado yapo. Nilisimama hapo uani, nikajua kwamba kufika Ijumaa sitakuwa na barua wala wasomaji. Na Mungu anisamehe, sijawahi kufurahi namna ile tangu nizaliwe: alikuwepo mtu duniani anayenionea mimi wivu.